Sentensi Nne na Shuka Moja

Kila mwaka nikifika kwenye mada ya aina za sentensi, naingia darasani na shuka. Shuka jipya, bado limekunjwa kwenye nailoni yake. Wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wanaangaliana, wa nyuma wanaanza kucheka chinichini, na hakosekani mmoja wa kuuliza, "Ticha, leo tunalala?" Namwacha acheke. Nachana nailoni, na ile harufu inatoka: wanga, pamba, na kitu kingine kikali cha rangi mbichi ambacho mpaka leo sijui jina lake. Hapo hapo nasahau kama mimi ni mwalimu wa mtu. Nina miaka kumi na moja, nimekaa juu ya belo la mapazia kwenye stoo ya duka la Mzee Hamadi, Kariakoo, nina bomba la pazia mkononi, na mbele yangu amesimama mama yangu mzazi. Nimempa adhabu.

Ndiyo, nilimpa mama yangu adhabu. Msinihukumu kwanza, nisikilizeni.

Mama alikuwa muuzaji wa kaunta kwenye lile duka la mashuka na mapazia tangu mimi niko mgongoni. Lilikuwa moja ya yale maduka marefu membamba, mlango uko barabarani, stoo iko nyuma kabisa, na ukifika katikati unahitaji taa hata saa sita mchana. Kwa wateja wa Dar hapakuwa na wa kumgusa. Unaingia kuulizia foronya moja, unatoka na mashuka, mapazia na vitambaa vya kochi, na bado unamshukuru. Kabla hujafika kona unajiuliza imekuwaje.

Ila Kariakoo ilikuwa imeanza kujaa wageni. Wazambia, Wamalawi, watu wa huko kote, wanashuka kwenye mabasi, wananunua kwa jumla, wanafunga mizigo na kuondoka. Wageni hao hawakujua Kiswahili cha mama, na mama hakujua Kiingereza chao. Aliishia darasa la saba. Alichobaki nacho ni "yes" na "thank you", na hata hivyo vilitoka kwa woga, mkono umefunika mdomo.

Hapo ndipo alipoingia Profesa. Profesa hakuwa profesa wa kitu chochote. Alikuwa winga, mmoja wa wale wanaodaka wateja barabarani, wanawaingiza duka hili na lile, na kujiwekea chao juu ya bei ya mwenye duka. Alivaa shati la mikono mirefu hata kwenye jua la saa saba, na Kiingereza kilimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Kilikuwa sahihi? Sijui. Kilikuwa kingi. Akileta mgeni, yeye anaongea, mgeni anaongea, wanacheka, na mama amesimama pale katikati ameshika shuka, anageuza macho huku na huku asijue wanacheka nini.

Mzee Hamadi aliyaona yote kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni. Hakuwa mtu mbaya, nitasema hivyo mpaka kesho. Alikuwa mtu wa pwani wa zamani, kofia safi, sauti ya chini. Siku moja kabla hajafunga duka akamwita mama, mimi niko pembeni namalizia hesabu zangu za shule.

"Mama Zuhura, wewe ni mtu wangu wa siku nyingi," akamwambia. "Lakini biashara inabadilika. Mwezi huu ukiisha, Profesa atakaa kaunta. Wewe utahamia stoo, utapanga mabelo. Sikufukuzi, nielewe."

"Sawa, Mzee," mama akajibu.

Tukarudi Ilala kwa miguu kama kawaida. Mama ni mtu wa maneno. Njia nzima huwa anasalimiana na watu mpaka unachoka kumsubiri. Siku ile hakusalimia hata mmoja. Tulipokaribia nyumbani ndipo akafungua mdomo.

"Mimi sijui mabelo, Zuhura. Mimi najua watu. Wakiniweka kule nyuma nitakufa na uhai wangu."

Sikuwa nimewahi kumsikia mama akisema kitu kama hicho. Nikamshika mkono.

"Mwalimu wenu wa Kiingereza anawafundisha nini saa hizi?" akaniuliza ghafla.

"Aina za sentensi."

"Ziko ngapi?"

"Nne. Taarifa, swali, amri na mshangao."

Akasimama kabisa, katikati ya njia, mwendesha mkokoteni nyuma yetu akatutukana. "Nne tu? Kelele zote zile za Profesa ni aina nne tu?"

"Ndivyo alivyosema Mwalimu Mgaya."

"Basi nifundishe hizo nne," akasema. "Nne nishindwe? Thubutu!"

Na hivyo ndivyo darasa letu lilivyozaliwa. Wakati wake ulikuwa alasiri. Nikitoka shule naenda moja kwa moja dukani, Mzee Hamadi anakwenda msikitini, na akitoka huko anapitia kwenye kahawa na wazee wenzake. Tulikuwa na kama nusu saa. Mlango wa mbele unarudishwa nusu, mama anatandika mkeka stoo anasali kwanza, akimaliza anaukunja, na mimi napanda juu ya belo na daftari langu. Siku ya pili tu tukapata mwanafunzi mwingine. Mama Eliza, mwanamke wa Kichaga aliyeuza mabeseni na ndoo duka la mkabala, alikuja kuchungulia tunafanya nini, na hakuondoka. Akafunga kamba mlangoni kwake, akaja na biro imechomekwa kwenye nywele.

Nikawaambia darasa linaanza kwa wanafunzi kusimama na kumsalimu mwalimu, kama shuleni kwetu.

"Weee!" Mama Eliza akaruka. "Mimi nikusimamie wewe? Wewe niliyekuwa nakufuta kamasi?"

Mama alikuwa ameshasimama. "Simama, Mama Eliza," akasema, hacheki. "Humu stoo huyu ni mwalimu."

Wakasimama wote wawili, wanawake wazima na khanga zao viunoni, wakasema kwa pamoja, "Good morning, teacher." Ilikuwa alasiri, lakini sisi shuleni ndiyo tuliyoimba asubuhi mpaka jioni, na mimi sikuijua nyingine. Nikawaruhusu wakae. Jamani, kichwa kilinivimba siku ile nikaona hata dari ya stoo iko chini.

Na kila darasa lilipokwisha mama alikuwa na neno lake. Anajipangusa khanga, anasema, "Haya, mwalimu ameshaondoka. Zuhura yuko wapi?" Hapo ni lazima nishuke kwenye belo, nisimame mbele yao na kutoa heshima kwa mmoja mmoja. "Shikamoo mama. Shikamoo Mama Eliza." Na mama anajibu, "Marahaba mwanangu," kama vile ndiyo kwanza ameniona natoka shule. Nililichukia jambo lile. Niliona ananishusha cheo makusudi.

Sasa nikwambieni nilivyofundisha, na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilichokijua kuhusu ualimu ni sauti ya juu na fimbo. Bomba la pazia lilikuwa jepesi, la alumini, ukilipiga kwenye belo halisemi kitu, ukilipiga kwenye ngazi ya chuma linalia mpaka barabarani. Mimi nikawa napiga ngazi. Na Kiingereza nilichokuwa nakisikia shuleni kila siku karibu chote kilikuwa amri: simameni, kaeni, nyamazeni, tokeni nje. Kwa akili yangu ya utoto nikaamini ndiyo lugha yenyewe, kwamba Kiingereza kiliumbwa kwa ajili ya kuamrisha, na anayekijua ni yule anayeamrisha kwa nguvu. Kwa hiyo nikaanza na amri. Nikakaa kwenye amri. Wiki nzima, mama yangu muuza mashuka, mikono nyuma, anakariri "Stand up! Sit down! Come here!"

"Mteja nimwambie 'Come here'?" aliniuliza. "Kwani kaniibia?"

"Rudia."

"Na shikamoo ya Kiingereza ni ipi?"

"Hamna."

"Hamna?" Akamgeukia Mama Eliza kana kwamba nimetangaza msiba. "Sasa mtu mzima unamwanzaje?"

"Good morning."

"Hiyo hiyo ninayokupa wewe? Mtu wa umri wa mama yangu nimpe hiyo hiyo? Hapana, Zuhura. Mdomo wangu utakataa."

Nikaona ananipotezea muda, anakwepa somo. Nikapiga ngazi.

Siku ya adhabu mama alichanganya kila kitu. Nikimwuliza swali anajibu amri, nikimpa taarifa ananyamaza. Nikasimama juu ya belo, nikamwonyesha kona yenye mapazia yanayoning'inia, nikamwambia akasimame kule mpaka kipindi kiishe. Akaenda. Alikuwa amesimama kaunta tangu saa mbili asubuhi, miguu imevimba kwenye ndala, na akaenda kusimama, uso umeelekea mapazia, mikono nyuma.

"Zuhura," Mama Eliza akaninong'oneza, "huyo ni mama yako."

"Keep quiet!" nikamwambia.

Ilipofika mwisho mama akageuka, akajipangusa khanga. "Haya, mwalimu ameshaondoka. Zuhura yuko wapi?" Nikashuka. Shikamoo yangu siku ile sijui kama ilisikika. "Marahaba mwanangu," akajibu, kwa sauti ile ile ya siku zote. Nilipofika nyumbani nilisukuma sahani ya wali kando, na sikutaka kujua kwa nini.

Siku mbili baadaye Profesa akaingia na Wazambia wawili, wanaume, wafanyabiashara wa hoteli. Mama akamwomba Mzee Hamadi amwache ajaribu. Mzee akashangaa, akatikisa kichwa kukubali. Mimi nilikuwa nimefika muda si mrefu, bado na sare yangu. Nilijua dunia inakwenda kumwona mwanafunzi wangu.

Mama akasimama nyuma ya kaunta, mikono nyuma, kama nilivyomfundisha. Wazambia wakamtazama. Yeye akawatazama. Mdomo ukafunguka, ukajifunga, ukafunguka tena. Halafu, kwa sauti kubwa ajabu, akasema, "Sit down!"

Hapakuwa na kiti hata kimoja mle dukani isipokuwa cha Mzee Hamadi. Wale mabwana wakaangalia chini, wakaangalia nyuma yao, mmoja wao alianza kweli kutafuta mahali pa kukaa. Profesa alicheka mpaka akashika ukuta. Alitoka nje kabisa akawahadithia wenzake, na wao wakaja mlangoni kumchungulia mama. Mama hakukimbia. Alikunja foronya moja, akaikunjua, akaikunja tena, mpaka Profesa akarudi na kuichukua ile biashara. Mzee Hamadi alitazama kalenda ukutani. Zilibaki wiki mbili.

Nilijua ile sentensi ni ya nani. Ilikuwa yangu mimi.

Kesho yake kwenye kipindi cha Kiingereza sikunyoosha mkono hata mara moja. Mwalimu Mgaya alikuwa na darasa la watoto zaidi ya mia, lakini aliona. Alikuwa mama mfupi, mpole, asiyepiga kelele, na kwa sababu hiyo hiyo mimi sikuwa nimemhesabu kama mwalimu wa kuigwa. Akaniita mezani wenzangu walipotoka, na mimi nikamwaga yote pamoja na machozi: Profesa, stoo, bomba la pazia, adhabu, "Sit down". Nilitegemea viboko. Akaniuliza tu, "Mama yako anauzaje?"

"Anauza vizuri mno, mwalimu, kwa Kiswahili."

"Sijauliza kama anauza. Anauzaje? Umewahi kumtazama?"

Nilikuwa nimekulia mle dukani. Nilijua kila ufa wa sakafu. Lakini mama akiuza, sikuwa nimewahi kumtazama.

"Jumamosi kakae umtazame," akasema. "Beba daftari, andika anayosema, na utazame anavyoyasema. Mwalimu lazima amjue anayemfundisha, Zuhura. Wewe umeanza kufundisha mtu usiyemjua."

Jumamosi nikakaa kwenye ngazi na daftari. Akaingia msichana anayekaribia kuolewa, na shangazi yake mwenye uso wa kazi, yule wa kusema kila kitu ghali. Mama hakuwaambia kitu kwanza. Aliinama, akatoa shuka rafuni, akashika pembe mbili, akalirusha. Paa! Shuka likajaa upepo, likatua juu ya kaunta lote limenyooka.

"Hili ni pamba tupu," akasema, viganja vinalaza mikunjo. Akachukua pembe, akaitia mkononi mwa shangazi. "Shika. Usiniamini mimi, viamini vidole vyako." Akamgeukia msichana, kichwa upande. "Kitanda sita kwa sita au tano kwa sita?" Na kabla hawajajibu akarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani. "Yallah! Hilo limekupenda!"

Nilikuwa nimeandika yote. Nikatazama daftari langu na nusu nianguke kwenye ngazi. Taarifa, amri, swali, mshangao. Zote nne, mfululizo, na shangazi wa watu alikuwa hajafungua mdomo. Mama yangu niliyemsimamisha kwenye kona alikuwa anazitoa kutwa nzima, mamia kwa mamia, na hata amri anaijua: ila ya kwake inakutia shuka mkononi.

Na nikaona kitu cha pili. Shangazi alipoondoka, Mzee Hamadi akamwuliza mama kitu kuhusu mapazia mapya. Mikono ya mama ilikuwa mitupu. Akababaika, "Eeh… ngoja…" mpaka akanyakua foronya iliyokuwa karibu, na jibu likatoka limenyooka. Mama akiongea biashara, maneno yake yalipitia mikononi. Bila kitambaa hakuwa na la kusema kwa lugha yoyote, na mimi wiki zote zile nilikuwa nimemfungia mikono nyuma.

Jumatatu nililisukuma bomba la pazia nyuma ya mabelo. Mama aliposimama na kuweka mikono nyuma nikamwambia, "Hapana mama," na nikamtupia shuka. "Liuze."

"Nimuuzie nani?"

"Mimi ni Mzambia."

Mama Eliza akaangua kicheko. Mama akashika pembe mbili. Paa! Nikamwambia Kiingereza cha maneno yake mwenyewe, taratibu, wakati shuka bado liko hewani. Akalirusha tena na kusema, "This is pure cotton," na ilitoka safi, na mkono haukwenda mdomoni. Mimi na yeye tulipiga kelele pamoja. Mama Eliza akakimbia kwake, akarudi na beseni, akaligonga kwenye goti lake, "This is strong!" akaligonga tena, "Very strong!" na ikabidi tumzuie kabla hajavunja goti. Siku zote zilizofuata stoo ilijaa vumbi la pamba na vicheko. Hakuna aliyekwenda kwenye kona. Na lile la shikamoo mama alilimaliza mwenyewe.

"Neno hakuna, sawa," akasema. "Lakini magoti yapo. Nitasema hiyo gudi moning yenu huku nimekunja magoti."

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Saa nne hivi Profesa akaingia na mama mmoja wa makamo, mnene, kitenge kimefungwa kiunoni, mfuko mkubwa begani, mfanyabiashara kutoka Malawi. Mama akamgeukia Mzee Hamadi.

"Mzee, niachie huyu."

"Mama Zuhura," Mzee akasema polepole, "usije ukamkalisha na huyu." Mawinga mlangoni wakacheka. Mama Eliza alikuwa amesimama kwenye kibaraza chake ng'ambo, ndoo mkononi, hauzi wala hapumui.

Mama akatoka nyuma ya kaunta. Akamwendea yule mgeni, akakunja magoti, mikono miwili pamoja. "Good morning, mother."

Yule mama akasimama. Uso wote ukabadilika. Akaweka mfuko chini, naye akakunja magoti, akapiga viganja vyake polepole mara mbili, makofi laini ya heshima ya kwao. Kicheko cha mlangoni kikakatika. Wakabaki wameinamiana pale, wanawake wawili wasiojuana, na mimi nikaona mama alikuwa sahihi siku zote kuhusu shikamoo.

Akarudi nyuma ya kaunta. Na hapo akasimama. Nikaona mikono yake mitupu inaanza kwenda nyuma, taratibu, kama nilivyoizoeza mimi. Profesa akavuta pumzi ya kuanza kuongea.

Nilikuwa juu ya ngazi. Sikufikiri. Nilinyakua shuka la kwanza nililolifikia na kumtupia. Mama alilidaka bila kutazama lilikotoka. Pembe mbili. Paa!

"This is pure cotton," akasema, na shuka bado halijatua. Likatua. Akachukua pembe, akaitia kwenye kiganja cha yule mama. "Touch. Don't believe me, mother. Believe your fingers." Yule mama akasugua, akasugua tena, akatikisa kichwa kukubali. "For your house, or for your shop?" mama akauliza, kichwa upande vile vile. Mgeni akacheka, akamjibu kirefu, ni kwa ajili ya duka, yeye na binti zake wawili. Mama alishika labda nusu ya yale maneno. Yalimtosha. Alirudi nyuma hatua moja, mkono kifuani. "Oh! This colour loves you!"

Mimi mwalimu nilijua kabisa Kiingereza hakisemi hivyo. Profesa naye alijua. Akajipenyeza mbele, shati lake la mikono mirefu, aanze kumfafanulia mgeni kwamba huyu mama alikuwa na maana ya kusema kwamba… Mgeni akainua kiganja bila hata kumgeukia.

"I know what she means," akamwambia.

Alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho na kitenge chake. Alichukua mabelo matatu. Akataka kujua jina la mama, akalirudia mpaka likamkaa ulimini, akasema akirudi atamwulizia huyo na si mwingine. Ng'ambo ya barabara nilisikia Mama Eliza anapiga ndoo kama ngoma ya harusi, anapayuka, "Very strong! Very strong!" na watu wanageuka kumtazama kama mwendawazimu.

Mzee Hamadi akanyanyuka kwenye kiti chake. Huwa hanyanyuki ovyo. Alikuja mpaka kaunta, akalishika lile shuka, akalikunja mwenyewe.

"Profesa, kijana wangu," akasema, "endelea kuniletea wageni. Ila ukifika mlangoni, waachie hapo. Ndani kuna mwenyewe."

Mama alishika kaunta kwa mikono miwili. Sikuwahi kumwona mama akilia dukani, na siku ile pia hakulia. Alikuja mteja mwingine anaulizia pazia, naye akainama kulitoa.

Adhana ya alasiri ilipotoka Mzee akaweka sawa kofia yake. Mlangoni akageuka. "Haya, nendeni darasani kwenu," akasema. "Mlidhani bomba la pazia halisikiki kwenye kahawa? Wazee wenzangu walishaanza kuniuliza nimeajiri fundi gani wa vyuma."

Kule stoo sikupanda juu ya belo. Nilikwenda kwenye kona ya mapazia, nikaelekeza uso ukutani, nikaweka mikono nyuma.

"Nini tena?" mama akauliza.

"Nimejipa adhabu," nikasema, na machozi yakanitoka tena. "Nilikusimamisha hapa, na miguu ilikuwa inakuuma."

Akanigeuza, akanifuta uso kwa pindo la khanga. "Iliniuma kweli," akasema. "Lakini ningekataa kusimama, ungejua wewe si mwalimu. Na mimi nilikuwa namtaka mwalimu, Zuhura. Sikuwa na mwingine." Kisha akanisukuma mgongoni. "Panda mahali pako, muda unakwenda."

Nikapanda. Wakasimama, mama na Mama Eliza aliyekuwa ameshavuka barabara na ndoo yake, wakapaza sauti mpaka nadhani Mzee aliwasikia njiani: "Good morning, teacher!"

Sikusubiri kipindi kiishe. Niliruka chini kutoka kwenye belo, nikasimama mbele ya mama yangu, nikakunja magoti kama alivyomkunjia yule mgeni.

"Shikamoo mama."

Akatabasamu, shuka la darasa limelala begani kwake.

"Marahaba, mwalimu."